Damu Niliyomnyima Ndugu Yangu

Mwanangu Saadia,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kupitia ukuta. Unakunja nguo na mama yako, naye anakukataza kuweka viatu juu ya kanga safi. Mnacheka. Kwa hiyo najua u mzima. Mimi nimekaa upande huu na kalamu, na uzima wangu ni wa nusunusu.

Kesho basi la Malindi likiondoka na askari wake wa kulisindikiza utakuwa ndani. Mambo ya chakula, ya kusali kwa wakati, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena mkielekea stendi. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu. Mwaka ule wa mafuriko, tulipokuwa tumehamia kwenye kilima kando ya barabara, ulinitazama usoni ukaniambia, "Aba, wewe huogopi sindano. Wewe unamwonea wivu baba mdogo." Sikukujibu. Tangu siku ile wewe hukulirudia neno hilo, nami sikuligusa. Tumeishi nyumba moja tukilipita kando.

Jibu langu ni ndiyo. Nilimwonea wivu, na bado namwonea, na utakapoketi mezani kwake huko Nairobi nitamwonea zaidi. Sitaki uondoke ukidhani kwamba mambo hayo yalikwisha. Utaishi kwa ndugu yangu, utasoma chuoni kazi aliyoisoma yeye, na jina langu litatajwa katika nyumba ile. Afadhali uyasikie kwangu yalivyo.

Mimi na Godana ni wa tumbo moja. Mimi nilitangulia, yeye akafuata. Tulikua tukihama na ng'ombe wa babu yako, kiangazi tuko karibu na mto, mvua ikianza tunarudi nyikani. Mimi nilisoma kwa vipande vipande. Ng'ombe wakiwa karibu na Garsen niliingia darasani, wakihama nilihama nao, na hivyo hivyo nikafika darasa la saba. Godana aliachwa mjini kwa shangazi yetu asome moja kwa moja. Unajua kwa nini aliachwa? Si kwa sababu alikuwa na akili kuliko mimi. Aliwaogopa ng'ombe. Kuna mtamba mmoja alimpiga teke la kifua akiwa mdogo, na tangu hapo kila alipotumwa zizini alikwenda akilia. Babu yako akasema huyu hafai kwa mifugo, mpelekeni shule. Mimi niliyefaa nikabaki.

Nataka uelewe kwamba sikuumia siku hiyo. Nilifurahi. Nilikuwa kijana niliyepewa kundi, mtu mzima mbele ya watu, na mdogo wangu alikuwa mtoto wa kukaa na wanawake mjini. Wivu ulikuja polepole baadaye. Godana alipokuja likizo, babu yako, ambaye hakujua hata herufi moja, alimkalisha karibu yake amsomee. Hatukuwa na vitabu. Alimsomea maandishi ya mkebe wa majani ya chai, ya gunia la mbolea, ya karatasi iliyofungiwa sukari. Mzee alicheka kwa furaha kana kwamba anasimuliwa hadithi. Mimi nami nilijua kusoma. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimetoka kukamua, na mkebe ule ule ningeweza kuusoma. Hakuniomba, na mimi sikujitolea.

Kisha Godana akaenda sekondari, akaenda chuo kikuu, akaenda ng'ambo akakaa miaka. Mimi nikapata kazi ya kusaidia kuchanja mifugo, kazi ninayoifanya mpaka leo, na nakuambia bila kujisifu kwamba niliipenda. Babu yako alipougua mara ya mwisho alikuwa nyumbani kwangu. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimnywesha maziwa kwa kijiko. Alikufa nimemshika. Na wakati wote ule alikuwa akiuliza, "Godana amefika?" Nikimwambia bado, alifumba macho, kisha akauliza tena. Jina langu hakulitaja. Labda mtu hamwiti aliye mkononi mwake. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kuna siku linanituliza.

Wewe ulikuwa umeanza kutembea wakati huo. Nilipotoka makaburini nilikukuta mlangoni umeninyooshea mikono, nikakubeba, na nadhani siku ile niliamua moyoni kwamba angalau huyu ni wangu mimi. Hakuna mtoto anayepaswa kubebeshwa uamuzi wa namna hiyo. Wewe ulibebeshwa bila kuulizwa.

Ndiyo maana nilikuchukua kila mahali. Watu walinishangaa, mtoto wa kike nyuma ya baiskeli ya mchanjaji. Tulikwenda mpaka upande wa Golbanti na tukarudi jioni. Ulishika sanduku la barafu la chanjo magotini kama mtoto mchanga. Uliniuliza chanjo inafanya nini ndani ya ng'ombe. Nikasema inaufundisha mwili kupigana. Ukauliza inamfundisha nani, damu au nyama, na mwanafunzi huyo anakumbukaje mwaka mzima? Nilikuambia ushike kamba vizuri. Sikujua jibu. Badala ya kukuambia sijui nilikupa kamba, na hayo niliyafanya mara nyingi, mpaka ukaacha kuniuliza. Nilifikiri umekua na umetulia. Kumbe ulikuwa unayaweka maswali yako, unamsubiri mtu.

Sasa mafuriko. Yale uliyaona mwenyewe, lakini kuna upande wangu hukuuona. Maji yalipojaa hata mtu hakujua mto uko wapi na malisho yako wapi, tulikwenda na ng'ombe tuliowaokoa hadi kwenye kilima. Mbu wakawa wengi hata ngozi ya ng'ombe mweupe ilionekana nyeusi. Kisha wenye mimba wakaanza kuitupa. Kwanza mmoja, kisha mwingine, kisha ikawa kila zizi lina kilio. Mimi nilikuwa na glovu ndani ya sanduku langu la kazi. Nilikuwa nimewafundisha wengine kuzivaa. Lakini alipoanguka yule ng'ombe wetu mwenye doa usoni, aliyelelewa na mama yako kwa mkono, sikufikiria glovu. Niliingiza mikono mitupu nikamvuta ndama aliyekufa. Niliwasaidia na majirani vivyo hivyo. Kabla watu wa afya hawajaja kutuambia kuwa ni homa ya Bonde la Ufa, nilikuwa tayari nimelala chini ya turubai, kichwa kinapasuka, fizi zinatoka damu.

Wewe na mama yako mliniuguza. Jirani yetu wa upande wa barabara, aliyeugua pamoja nami, alizikwa. Mimi niliinuka. Sijui kwa nini yeye na si mimi. Hilo lilikuwa swali langu nililolibeba kimyakimya, na lilikuwa ndilo swali lililomleta Godana.

Alikuja na lori la watu wa afya barabara ilipoanza kupitika. Nilikuwa nimeegemea mzigo wa magodoro, sina nguvu ya kusimama. Nilimwona akishuka na gambuti na miwani, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Nilikuona na wewe. Ulikuwa umeshika kikombe changu cha uji. Ulikiweka chini ukakimbia. Mwanangu, kikombe kilianguka kikamwagika na hukugeuka.

Alitukuta watu wengi tumekaa, akaeleza alilokuja kulifanya. Alichukua kijiti akachora kwenye tope lililokauka. Alichora duara, akasema hii ni seli. Akachora viduara vidogo vikitoka ubavuni mwake. Akasema seli za mwili hutoa vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida, na kwa miaka mingi wataalamu walivihesabu kuwa takataka ambazo seli inazitupa nje. Yeye hakuamini hivyo. Alidhani seli za kinga hupelekeana habari kwa vifuko hivyo. Seli moja inakutana na adui, inachukua kipande chake, inakifunga ndani ya kifuko na kukituma kwa wenzake wamjue. Lakini alidhani pia kwamba huenda virusi navyo vimeijua njia hiyo, vinajificha ndani ya vifuko hivyo hivyo na kupita bila kukaguliwa. Ni lipi kati ya hayo mawili, au ni yote mawili, hakujua. Ndiyo maana alitaka damu ya watu waliougua wakapona, na aliitaka mapema, kabla alama hazijapotea.

Wazee walipiga miayo. Wewe ulikuwa umechuchumaa karibu na ule mchoro. Ukauliza, kifuko kikifika, seli inayokipokea inajuaje kwamba kimetoka kwa ndugu na si kwa adui?

Godana akasimamisha kijiti chake. Akasema, "Hilo ndilo swali ninalolala nalo na kuamka nalo."

Akakutazama. Niliijua namna ile ya kutazama. Babu yako alimtazama yeye hivyo hivyo, akisoma mkebe wa majani ya chai. Na wewe ulimtazama vilevile, macho hayapepesi. Katika miaka yote ya baiskeli na sanduku la barafu hukuwahi kunitazama mimi hivyo. Nilihisi homa imenirudia.

Baadaye kidogo ulikwenda kwa akina mama kuwaeleza, maana yeye mwanamume aliyepotea miaka mingi wasingemsikiliza. Yeye akaja kwangu na bomba la sindano na zile chupa ndogo. Hili hukuliona, na sijui kama aliwahi kukusimulia. Akachutama mbele yangu akasema, "Kaka, naomba nianze na wewe. Wakikuona wewe, wote watakubali."

Ilikuwa kweli. Mimi ndiye ninayewachanjia ng'ombe wao. Nikasema sina nguvu. Akasema ni kidogo tu, hutahisi. Nikasema nimetoka damu ya kutosha. Akaushika mkono wangu taratibu kama mtu anayeshika mkono wa baba yake, na hapo ndipo nilipomwambia.

"Baba alikufa mikononi mwangu akikuita wewe," nikasema. "Shule ulipata wewe, na hilo nalo ulipata wewe. Sasa umekuja kuchukua damu."

Hakuwa akijua. Mwaka ule alipopigiwa simu aliambiwa tu kwamba mzee ameondoka. Akauliza, "Aliniita?" Nikasema aliita mpaka akakata roho. Niliyasema hayo kama mtu anayerusha mkuki. Maneno ambayo yangekuwa zawadi kwa ndugu yangu niliyatumia kumchoma, na nilifurahi kuona yamemwingia. Aliirudisha ile chupa mfukoni, akainuka akaenda nyuma ya lori.

Watu waliokaa mbali hawakusikia maneno. Waliona tu kwamba mchanjaji amemkatalia ndugu yake mwenyewe. Waliponiuliza kwa nini, sikusema kwa sababu nina wivu. Nilisema damu ya mtu si kitu cha kusafirishwa kwenye masanduku, na hatujui inakwenda wapi. Yalikuwa maneno mazito, ya mtu mwenye kufikiri. Yakaenda nyumba kwa nyumba kabla yako. Wewe ulizunguka kilima kizima na jua lile ukirudi na chupa tupu, na kila mlango uliambiwa maneno ya baba yako.

Jioni wewe na Godana mlirudi mmechoka. Ulikuwa umebeba kisanduku, na ulipotaka akupokee ulisema, "Baba, shika hiki." Hukusema baba mdogo. Ulisema baba. Yeye akashika, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa desturi yetu hukukosea. Hata mimi ndugu wote wa babu yako nilikuwa nawaita baba. Lakini nilikuwa nimelala hatua chache kutoka pale, na lile neno halikuwa langu.

Ndipo ulipokuja kwangu, ukakaa, ukasema lile ulilolisema kuhusu sindano na wivu. Hukupaza sauti. Mama yako alikuwa akisafisha sufuria akaacha. Mimi nikageukia upande wa pili. Ulipoondoka mama yako akaniambia mtoto amesema kweli na mimi najua hivyo. Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Alisema alinihesabu mtu aliyepona, kumbe ugonjwa mwingine uko palepale.

Godana aliondoka na chupa chache sana za watu wa kambi nyingine. Aliniaga. Alinipa mkono, nami nikampa vidole.

Yaliyofuata unayajua kwa nje. Homa ilikuwa imekwisha, nikaanza kutembea, kisha asubuhi moja nikaona kivuli katikati ya jicho la kulia. Nilifikiri ni uchafu, nikaosha, nikaosha tena. Nikimtazama mtu usoni kwa jicho hilo nilimwona masikio bila uso. Sikumwambia mtu. Wewe ndiye uliyegundua, nilipomwaga dawa nje ya kikombe, na wewe ndiye uliyemwandikia baba yako mdogo bila ruhusa yangu. Nilikuwa na hasira nawe kwa hilo. Leo nasema asante.

Alikuja mwenyewe, na gari la kuazima, akanipeleka kwa daktari wa macho Malindi. Daktari alisema homa ile huwafanyia hivyo baadhi ya watu, inaacha kovu nyuma ya jicho, na kwamba litaboreka kidogo lakini halitarudi lilivyokuwa. Ndiyo maana mistari ya barua hii inapanda kama mbuzi. Njiani kurudi tulianza kuiona nyika ya kwetu. Nikamuuliza jambo lililokuwa likinila. Nilimuuliza kama ningempa damu siku ile, jicho langu lingepona?

Alifikiri kabla ya kujibu. Angeweza kunidanganya upande wowote. Akasema, "Hapana, kaka. Wewe isingekusaidia. Labda ingemsaidia mtu wa siku za mbele. Na hata hilo ni labda."

Sijui kama unaelewa jinsi jibu hilo lilivyoniuma. Laiti angesema ndiyo, ningepata adhabu yangu tukamalizana. Angesema haikuwa na maana yoyote, ningepumzika. Yeye aliniambia kweli, kadiri anavyoijua na isizidi hapo. Nikafahamu ni kitu gani ulichokiona kwake siku ile kwenye tope. Haikuwa elimu. Ni kwamba mtu huyu akisema sijui hapungukiwi na kitu.

Akasimamisha gari. Nilidhani kuna tatizo la injini. Akaweka mikono juu ya usukani akaniomba nimsimulie siku za mwisho za baba, zote, tangu mwanzo, taratibu. Nikamsimulia. Safari hii sikumrushia. Nilipofika pale mzee alipokuwa akiuliza kama amefika, Godana alilia, na mimi nilimwacha alie, na nakiri kwako kwamba hata hapo sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa ikisema, tazama, ana machozi ya mtu aliyependwa. Kisha akasema kwamba kwa miaka mingi aliniona mimi ndiye mwenye bahati, kwa kuwa nilikuwepo. Nilisema twende, giza litatukuta.

Tulipofika nilikunja mkono wa shati mbele ya watu. Alinitoa damu, na wewe ulishika chupa. Siku iliyofuata walikuja wengine, wanaume kwanza, kisha wanawake. Lakini miezi ilikuwa imepita. Godana alinieleza baadaye kwamba katika damu ile ameona mambo ya kumtia moyo, ila hana ya siku za mwanzo, na siku za mwanzo ndizo zingemwonyesha vifuko vile vilikuwa vikifanya kazi ya nani. Kazi yake ina pengo pale. Hakuniambia pengo lile ni mimi. Nililijua mwenyewe. Hakuna mafuriko mengine yatakayokuja kwa matakwa yetu ili tulizibe, na Mungu atuepushe nayo.

Unakumbuka alipoleta ile picha? Nyeusi na nyeupe, imepigwa kwa mashine kubwa huko Nairobi, viduara vya kijivu vimetawanyika. Akasema hivi vimetoka katika damu ya kaka. Mama yako akasema vinafanana na povu la maziwa. Wewe uliichukua ukaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, ukavigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, midomo ikicheza bila sauti. Chai yako ilipoa. Mimi nilikutazama kwa jicho langu zima, na nikaona wivu tena. Safari hii niliionea wivu damu yangu mwenyewe, kwa vile uliitazama kuliko ulivyopata kunitazama mimi. Nilicheka, ukauliza nacheka nini, nikasema hakuna.

Matokeo ya mtihani yalipokuja, na ile barua ya chuo kikuu ilipofika baada ya kungoja kule kote huku ukiwafundisha watoto wa shule ya hapa mjini, watu wote walinipongeza mimi. Nilishika mikono yao nikasema alhamdulillahi, na nilimaanisha. Lakini usiku nilimuuliza mama yako kwa nini Saadia asikae bwenini, kwa nini lazima akae kwa Godana. Mama yako akaniuliza ninataka akae wapi kama si kwa baba yake. Unaona. Hata yeye.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala ili ukae kule ukijihisi umegawanyika. Nimeyaandika kwa kuwa kitu hiki utakutana nacho. Huko maabara mtu atapata jibu ulilokuwa ukilitafuta, na atalipata wiki moja kabla yako. Utajisikia vibaya. Sikuambii usijisikie, mimi mwenyewe sikuweza. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokiona kwangu. Wivu haukuniambia jina lake. Ulikuja ukijiita unyonge, kisha ukajiita busara, kisha ukajiita kuwalinda watu wetu. Kama ningesema siku ile mbele ya wote, nimekataa kwa sababu namwonea mdogo wangu wivu, wangenicheka kidogo, na kisha wangekunja mikono ya mashati yao. Uzuri wa maneno yangu ndio uliowazuia.

Na jambo la pili. Siku moja utampita baba yako mdogo. Simwombei mabaya. Ndivyo itakavyokuwa, nimeona namna anavyonyamaza ukimuuliza. Siku hiyo ataona wivu naye, maana ni mwana wa mama yangu. Huenda akaudhika kwa jambo dogo, huenda akasema damu haiko tayari, mashine imeharibika, ngoja kwanza. Usimwone mnafiki. Mpe nafasi ya kugeuka, kama yeye alivyonipa mimi alipokuja na lile gari. Nisingemlaumu kama asingekuja.

Hivi sasa mmenyamaza huko nyuma ya ukuta. Nadhani mama yako anakusuka nywele. Hilo la kusuka nalo ningependa kujua kulifanya.

Nimalizie na ombi, na ni ombi la mtu mwenye wivu, sitalipamba. Ukigundua jambo, liwe dogo au kubwa, mwambie yeye kwanza. Yeye ndiye atakayelielewa, na furaha yake itakuwa na maana kwako kuliko yangu ya kupiga makofi gizani. Hiyo nimemwachia, namwachia nikiwa hai na akili zangu. Lakini siku utakapokosea, ukaharibu kazi ya miezi kwa mkono wako mwenyewe, ukaona aibu hata ya kurudi nyumbani kula, siku hiyo usimwendee yeye. Yeye atakusahihisha. Tafuta simu, piga pale dukani kwa Hassan, aje aniite. Nitakuja mbio, na nitakusikiliza mpaka mwisho, na sitakupa kamba.

Hilo la aibu ukimwambia yeye kwanza nitajua.

Aba wako